Aliyetembea kwa Mikono

Kliniki ya presha ilikuwa imefurika asubuhi hiyo hadi watu wanakaribia kupakatana. Fundi alikuwa amebanwa mwisho wa benchi, mkono wake wa kulia ameulaza mapajani kama mtoto mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza simu, kazi ya kukaa kutwa nyuma ya kioo cha kukuzia. Lakini juzi mdomo ulimvutika upande mmoja, na tangu hapo skrubu zilikuwa zinamponyoka vidoleni. Daktari hakumficha. Kiharusi kimepita kusalimia tu. Asipofanya mazoezi kila siku kitarudi, na kikirudi hakitaondoka mikono mitupu.

"Na wewe wamekwambia utembee?" akauliza mwanamke aliyekuwa pembeni yake.

Alikuwa amevaa gauni la njano lililomshika kiuno, nywele zimesukwa na kupandishwa juu, harufu ya mafuta ya nazi inamzunguka.

"Wameniambia," Fundi akajibu. "Niliwahi kutembea nikiwa mwanafunzi. Sikupenda."

Mwanamke akacheka hadi benchi zima likatikisika. Alikuwa msusi, amemsindikiza shangazi yake, na mjini walimwita Redio kwa sababu hakuna ndoa iliyovunjika bila vipande vyake kufagiliwa saluni kwake.

"Tatizo lako nini, miguu?"

"Upweke. Nikitembea peke yangu nafikiria kifo tu, narudi nyumbani kulala."

Redio akatoa simu yake. "Lete namba yako. Asubuhi nikiwa nafagia saluni nitakupigia, nikupe habari za mji. Ila usikie masharti. Wewe unatembea, mimi naongea. Ukisimama, nakata."

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Kila alfajiri simu ililia, na Fundi akatoka amevaa ndala, akipita maduka yaliyofungwa huku sauti ya Redio yenye mkwaruzo ikimnong'oneza sikioni.

"Basi yule bwana harusi si akaenda kuchukua suti, akakuta... mbona sisikii hatua?"

"Nafunga kamba ya kiatu, kipenzi."

"Ndala tangu lini zina kamba? Tembea, mpenzi, au utakufa hujui suti alikuta imevaliwa na nani."

Akatembea. Mkono ukaanza kupata nguvu, mdomo ukarudi mahali pake. Jioni alikuwa anapita saluni kwa kisingizio cha kurekebisha simu za wateja, na wanawake wenye vichwa vilivyosukwa nusu wakamwita shemeji. Redio alikuwa mjane. Alikuwa amemwambia wazi kwamba akiolewa tena anataka mume wa kuzeeka naye.

Kisha mvua zikaanza. Siku moja goti lilimuuma Fundi, njia imejaa matope, na simu ikalia. Hakutaka kuikosa ile sauti. Akaweka simu mezani, akavua ndala, akazivaa mikononi, akaanza kuipigapiga meza polepole. Pa, pa, pa. Redio hakushtuka. Kesho yake mvua ilikuwa imekatika, lakini kiti kilikuwa kitamu. Baadaye akajifunza hata kuhema. Alijua anachofanya. Vidole vilipoanza tena kufa ganzi alivificha mfukoni, na hofu akaificha humohumo.

"Umefika wapi, kipenzi changu?" Redio akauliza asubuhi moja.

"Nalikaribia daraja," Fundi akajibu, chai mbele yake, ndala mikononi. Pa, pa, pa.

Kisha Redio akaendelea na habari yake ya mama mwenye nyumba na mpangaji, taratibu, akiivuta kama uzi mrefu. Fundi akacheka, akahema, akapiga meza. Habari ikafika patamu, na ghafla akaisikia sauti ileile mara mbili, simuni na mlangoni.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa anaishi naye, ndiye aliyemfungulia. Redio alisimama kizingitini, gauni limelowa matope hadi magotini.

"Nilikuwa darajani," alisema. "Nilitaka tutembee wote leo, nikushtukize. Nikasimama pale nakusikiliza ukinikaribia."

Fundi alitaka kusimama, akasahau kuzivua ndala, mikono ikabaki hewani.

"Nilikuwa nataka sauti yako tu, Redio. Goti lilikuwa..."

"Marehemu mume wangu alikuwa ananiambia ataanza kesho. Nilimkuta kwenye kiti kama hicho, televisheni inaongea peke yake." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Fundi. "Yeye angalau hakuniigizia miguu."

Akageuka. Namba yake haikupatikana tena.

Fundi akaanza kukimbia, si kwa afya, kwa hasira. Alikwenda uwanjani saa za jua kali, akakimbizana na vijana hadi akatapika kwenye nyasi. Akalala kitandani siku kadhaa hawezi kugeuka, akaamka, akarudia tena, akatapika tena. Mkono ulitetemeka kiasi kwamba simu za watu zilijaa dukani hazijafunguliwa.

"Hayo si mazoezi, mdogo wangu," dada yake alimwambia akimkanda mgongo. "Huko ni kujichapa viboko. Na mtu akichapwa hatamani kurudi."

"Nifanye nini, dada? Nikikaa nakufa. Nikikimbia nakufa."

"Sijui. Lakini tafuta njia ambayo hutaichukia."

Aliipata kwa bahati. Alfajiri moja, akiwa amekaa barazani ameshika kichwa, kikapita kikundi cha wastaafu wakibishana kwa nguvu. Muuguzi mmoja, mwanamama mwenye kofia ya kufuma, alikuwa anamshambulia mzee aliyewahi kuwa refa.

"Wewe ulikuwa unauza mechi, mji mzima unajua."

"Muuguzi, nitajie mechi moja tu."

Fundi akajikuta amewafuata ili asikie mechi gani. Walitembea polepole, asiyeweza alisubiriwa, na goti lake halikulalamika. Hawakumaliza ubishi. Kesho yake alitoka tena, kwa sababu Refa aliahidi kuja na ushahidi. Ushahidi haukuletwa, lakini ulikuja ugomvi mwingine mtamu zaidi. Mvua ikinyesha walitembea ndani ya soko lililoezekwa, kati ya meza tupu. Siku mgongo ulipombana alitembea nusu ya njia, na hakuna aliyemwita mvivu. Bila kujua lini hasa, akaanza kuamka kabla ya kengele.

Lakini akirudi nyumbani simu ilikuwa kimya. Jioni moja akajivika shati lililopigwa pasi, akaenda saluni kwa miguu. Wateja waligeuka wote kwa pamoja.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema. "Na natembea sasa. Kweli."

"Nimesikia," Redio akajibu, vidole vikiendelea kusuka. "Mimi ndiye Redio, nasikia yote. Nilisikia na zile hatua zako pia."

"Zile zilikuwa zako. Nilikuwa natembea kwa ajili yako, ndiyo maana ilikuwa rahisi kukudanganya. Sasa ni zangu. Hata ukinikataa leo, kesho nitatoka."

Vidole vikasimama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini aliyaangusha kwenye nywele za mteja.

"Basi nakukataa, Fundi. Nenda."

Hakuna aliyempa pole. Alirudi akipita ukutaukuta kama mlevi.

Asubuhi mwili wake ulikuwa mzito kama gunia la mchanga lililonyeshewa. Alilala anatazama dari. Ya nini sasa? Alisikia kwa mbali wastaafu wakija, Muuguzi akilalamika kuhusu mkwewe. Fundi akajifunika shuka hadi kichwani. Akalifunua. Akakaa ukingoni mwa kitanda na kulia, kisha akapapasa viatu sakafuni, akavivaa huku bado analia, akatoka.

"Umechelewa," Refa alisema. "Mkwe amefukuzwa."

"Kafanya nini tena?" Fundi akauliza, sauti imekauka, na mguu ukafuata mguu.

Walipokunja kona ya soko, mwanamke mwenye gauni la njano aliachana na ukuta aliokuwa ameuegemea. Alikuwa anatetemeka kwa baridi; inaelekea alisimama pale tangu giza. Akaja akaingia kati ya Fundi na Muuguzi, akalinganisha hatua zake na zao.

"Nimekesha naomba utoke," alimwambia Fundi kwa sauti ndogo. "Usingetoka, sijui ningerudije nyumbani."

Fundi akamshika mkono.

"Samahani, binti, wewe ni nani wake?" Muuguzi akauliza, kofia imemwendea upande kwa udaku.

"Nilimkataa jana," Redio akasema akijifuta macho. "Leo nimekuja kumwomba anioe. Sasa, mama, hebu nianzishie upya. Mkwe wako kafukuzwa kwa lipi?"