Taa Aliyoichagua Esperance

"Hapana, hii iko ndefu sana," alisema Esperance huku ameinua shingo. "Mgeni akisimama tu, kichwa ndani ya vioo. Dari yako si ya ukumbi, Saady."

Saady akacheka. "Basi chagua wewe. Nyumba ni yako."

Esperance hakucheka.

Walikuwa dukani kwa Abdulrahmani, muuza vifaa vya umeme mjini Kasulu, mwezi wa nane mwaka 2015. Saady alikuwa mfanyabiashara wa saruji, na nyumba aliyojenga Kibondo ilikuwa imebakiza taa ya sebuleni tu. Esperance alikuwa Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Walipendana sokoni pembeni mwa kambi, Esperance alipokuwa akiuza vitenge, na siku hiyo alikuwa ameomba kibali cha kutoka ili amsaidie kuchagua.

"Shemeji, chukua hii ya dhahabu," Abdulrahmani alimshawishi. "Maharusi wote wanaipenda."

"Dhahabu na makochi ya kahawia? Watu watadhani wamealikwa kwenye sherehe. Nionyeshe ile nyeusi ya chuma, inayokaa karibu na dari."

"Hiyo haina vioo kabisa."

"Ndiyo naitaka. Mapazia ni ya krimu, nyeusi itakaa vizuri. Halafu vumbi la Kibondo kiangazi ni jekundu, na kila kioo kinataka kufutwa. Huyo atakayeifuta atachoka bure."

"Huyo nani?" Saady aliuliza.

Esperance akageukia taa nyingine.

"Espe, huyo nani? Si ni wewe utakayeifuta?"

Abdulrahmani akakumbuka ghafla kwamba ana boksi la kutafuta stoo. Wakabaki wawili chini ya zile taa zilizoning'inia.

"Majina yetu yametoka," Esperance alisema polepole. "Ya kuhamishiwa Amerika. Mama, mimi na wadogo zangu."

"Lini?"

"Alhamisi ijayo."

"Na umejua tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

Saady akaegemea kaunta.

"Ramadhani! Nimefuturu, nimesali Idi, nimepaka rangi nyumba nzima, na wewe unajua! Leo umekuja kunichagulia taa?"

"Uliniomba. Nikasema, hata kama sitaingia humo ndani, basi kitu kimoja kiwe nimekichagua mimi."

"Baki. Leo hii naenda kwa mama yako, najitambulisha, tunafunga ndoa."

"Nikiolewa wananitoa kwenye faili la familia, mama na wadogo wanaenda bila mimi. Mama macho yamekwisha, Saady. Hata chooni namshika mkono. Wadogo zangu ni watoto."

"Na mimi nani atanishika mkono?"

Esperance alilia bila sauti, kitenge mdomoni. Saady alitaka kumtukana, akashindwa. Alitaka kumkumbatia, watu walikuwa wanapita barazani. Akamwita Abdulrahmani.

"Nifungie hiyo nyeusi."

Jumatatu fundi aliifunga. Zuhra, dada yake Saady, alisimama katikati ya sebule ya Kibondo akaisifu.

"Kaka, imependeza! Nani kakuchagulia?"

"Fundi," Saady alijibu, akatoka uani.

Huko uani akaandika ujumbe: *Imefungwa.*

Jibu lilikuja haraka: *Mapazia usibadilishe, rangi nyingine itaiharibu. Alhamisi usije, nakuomba. Nikikuona nitashuka kwenye basi.*

Siku mbili hakula cha maana. Alijiambia hatakwenda. Kisha akajiambia akienda, Esperance atashuka kweli, na mama yake mwenye giza machoni atabaki kwenye siti akiita jina lake. Hapo ndipo alipoapa kutokwenda.

Hata hivyo, Alhamisi asubuhi alikuwa Makere, kando ya barabara itokayo kambini, pikipiki ameiegemeza kwenye kingo. Alijificha nyuma ya kibanda cha muuza mihogo. Mabasi yalipokuja yakitambaa kwenye mashimo, simu yake ikaita.

"Uko wapi?" Esperance aliuliza.

"Kibondo."

"Muongo. Nimeiona pikipiki yako."

Saady akatoka nyuma ya kibanda. Akamwona dirishani, amevaa fulana nyeupe kama wenzake wote, mkono mmoja umemkumbatia mama yake.

"Usishuke," alimwambia. "Espe, nakuomba, usishuke."

"Sishuki. Saady, uoe."

"Nyamaza."

"Usikae peke yako ndani ya nyumba ile. Uoe, nakuambia."

"Nimesema nyamaza!"

Basi lilimpita karibu kabisa, vumbi likamfunika. Kwenye simu akasikia sauti ya mama mtu mzima ikiuliza:

"Unagombana na nani, mwanangu?"

Esperance akasema kwa sauti kubwa, abiria wote wasikie:

"Na mume wangu, mama."

"Mume? Una mume? Yuko wapi?"

"Tumemwacha, mama. Yuko nyuma huko."

Simu ikakatika. Saady akapiga tena, akapiga tena. Haikupatikana.