Fundi Hampigii Mteja

Asubuhi hiyo duka la vifaa vya ujenzi lilifurika hadi mlangoni, kila mtu na bomba lake au kopo lake la rangi, kila mtu akitaka kuhudumiwa kwanza. Mpulizia dawa mmoja, fundi wa kuua wadudu majumbani, ndani ya ovaroli ya kijani iliyopauka, alijikuta kwenye foleni nyuma ya dada mwenye gauni la njano na miwani myekundu, aliyekumbatia makopo matatu ya dawa ya wadudu.

"Dada, unakwenda vitani?"

"Buibui," alijibu bila kugeuka. "Shangazi kasema ama zao ama zake."

"Miguu mirefu, myembamba? Wanakaa pembe za dari, ukiwagusa wanatetemeka kama wana homa?"

Hapo akageuka. "Kwetu umefika lini?"

"Hao hawana neno, wanakula mbu tu. Shangazi kifua chake kizima?"

"Ana pumu."

"Basi rudisha makopo yote. Utammaliza shangazi, buibui wabaki."

Dada alicheka mpaka kopo moja likamponyoka. Mpulizia dawa aliliokota, na tangu pale hakuwa na hali kwa dada huyo.

Jumamosi, kwa mwaliko wa dada, alifika kwao. Hakupuliza hata tone. Alipigilia kipande cha mpira chini ya mlango, akaweka wavu kwenye matundu ya hewa, akasogeza maboksi mbali na ukuta, akafagia utando pamoja na mayai yake. "Na taa ya nje msiiache ikiwaka," alisema. "Taa inaita wadudu, wadudu wanaita buibui." Shangazi alimpenda papo hapo.

Simu zikaanza. Dada alikuwa akiuza miwani kwenye duka la mpima macho, na kila asubuhi kabla ya kutoka alikagua kuta, akiona buibui anampigia mpulizia dawa, ambaye sasa alimwita Dokta.

"Dokta, huyu mdogo ana manyoya, anaruka. Ananikodolea macho!"

"Mrukaji huyo. Hatandi utando, anawinda kwa macho. Anayo manane."

"Manane! Huyo ni mteja wangu. Namuuzia miwani minne."

"Na mimi utaniuzia nini, mpenzi?"

"Wewe unaona vizuri mno. Uko kazini, acha utundu!"

Siku moja dada alipiga simu kwa hofu. Chini ya sinki kulikuwa na buibui mweusi, anang'aa, mwenye alama nyekundu tumboni. "Usimguse, huyo ana sumu!" alifoka mpulizia dawa, na ndani ya robo saa alikuwa jikoni akimfunika kwa glasi na kusukuma karatasi chini yake. Alipomaliza, waligundua kwamba wameshikana mikono.

"Ukiniita nitakuja, saa yoyote."

"Na nisipokuita?"

"Basi nitajua uko salama."

Masikini, alidhani amesema neno tamu. Aliyemfundisha kazi alimwachia kanuni moja: fundi hampigii mteja simu; mteja akinyamaza, kazi imekubalika. Kwa mende ni kanuni nzuri. Kwa mapenzi ni balaa tupu, lakini nani angemwambia?

Simu zikakoma. Wiki ya kwanza mpulizia dawa alijisifu kwamba kazi imekubalika. Ya pili alilala na simu kifuani. Mwezi ulipokwisha aliamini kwamba dada amepata mwingine, akawa anaacha chakula mezani. Alikonda hivyo hadi mwezi wa tatu, uvumilivu ukamshinda, akapiga pasi shati lake jeupe na kwenda duka la miwani kuposa.

Dada alikuwa peke yake kwenye kaunta, gauni la bluu, nywele zimesukwa upya.

"Dokta. Umepotea."

"Hukuniita."

"Ningekuita kwa kipi? Nyumba ilikuwa safi. Nilikagua kila pembe, nikawa naomba nione hata buibui mmoja."

"Ungepiga tu, mpenzi."

"Siku zote nilipiga mimi! Nikasema safari hii nami nitafutwe, hata mara moja. Miezi mitatu, Dokta. Shangazi alikuwa ananihurumia hadi naona aibu."

"Nilidhani una mwingine."

"Sikuwa naye. Sasa ninaye." Alipangapanga fremu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Fundi umeme wa mtaa wa pili. Wazee walikubaliana Jumapili iliyopita."

"Vunja. Nakuomba. Nimekuja kukuoa."

"Ungekuja Jumamosi ningetoka na wewe pekupeku."

"Unampenda?"

Dada alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Ananipigia," alisema. "Kila siku, hata akiwa hana la kusema."

Mzee mmoja aliingia akilalamika kwamba gazeti halisomeki, na dada akamvutia kiti. Mpulizia dawa alitoka. Akiwa barabarani, upande wa pili wa kioo cha duka, alitoa simu, na kwa mara ya kwanza akabonyeza namba ya dada.

Simu iliita juu ya kaunta. Dada aliitazama mpaka ikanyamaza, machozi yakimshuka, kisha akamgeukia mteja wake.

"Haya mzee, nisomee mstari wa juu."