Waya Mmoja Unabeba Yote

"Laki na nusu ya ufundi huipati, Ndelilio! Nyaya mbili za mtandao wa kompyuta umefunga, mmoja unabeba mzigo wote, mwenzake umelala!"

Hivyo ndivyo Mzee Sirili, mnunuzi wa kahawa pale Moshi mjini, alivyomfokea rafiki yangu mkesha wa Krismasi, mwaka 2003. Ndelilio ni fundi wa kompyuta na haongopi. Haya nayaandika kama alivyonieleza.

"Mzee, sikiliza! Kompyuta mbili zikiongea, maongezi yao hayagawanywi, hupita waya mmoja. Humu kuna mtu anaongea na mtu mmoja tu, kutwa."

"Nani? Wafanyakazi wote wamepanda mlimani kwao Kibosho kula sikukuu!"

Wakaingia stoo ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta zote, chumba kisicho na dirisha. Kwenye swichi, taa ya waya ule wenye mzigo ilipepesa bila kupumzika. Ndelilio akasoma kwenye laptop yake.

"Kompyuta ya Salvina. Inaongea na ya kwako."

Mzee Sirili akanywea. Salvina, karani wake wa mizani, alikuwa amezikwa Septemba, migombani kwao. Kompyuta yake ilichomolewa siku ya msiba.

Hapo umeme ukakatika. Feni ya swichi ikanyamaza. Gizani, taa ile moja ikaendelea kupepesa, na nyuma ya ukuta wakasikia kibodi ikigongwa kwa kidole kimoja, taratibu.

"Sikwenda kumzika," Mzee akanong'ona. "Nilisema nina mzigo wa kahawa."

Kibodi ikanyamaza, kama ya mtu anayengoja ajibiwe. Taa haikuzimika.

Ndelilio akanyoosha mkono gizani. "Nyaya zangu ni nzima, Mzee. Nipe laki na nusu yangu."