Duara Nyuma ya Goti

Kila jioni ya kiangazi, kabla ya chakula, Bibi Bronė alivuta kigoda hadi dirishani, akavaa miwani na kuita, "Ukaguzi!"

Miglė alilijua zoezi hilo kama jina lake. Alisimama kwenye mwanga na kugeuka polepole, huku bibi akimtazama nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti. Bibi alikuwa akitafuta kupe. Kijiji chao cha Girinė, nchini Lithuania, kilizungukwa na msitu wa misonobari pande zote, na humo kupe walikuwa wengi kuliko watu.

"Leo umepona," bibi alisema, akimpiga kikofi cha mgongo. "Haya, nenda kale."

Miglė alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake aliendesha lori la masafa marefu, leo yuko Ujerumani, kesho Hispania. Mama yake, Daiva, alikuwa mwaka wa pili katika kiwanda cha samaki huko Norwei. Ndiyo maana Miglė aliishi na Bibi Bronė, mama mzazi wa baba yake. Hakukosa chakula wala nguo. Alimkosa mama. Alikosa hata yale yaliyomuudhi zamani, kama vile mama alivyoimba ovyo ovyo akiosha vyombo, akirudia ubeti mmoja mpaka mtu akaziba masikio. Siku hizi bibi aliosha vyombo kimya, na kimya hicho kilimuumiza Miglė kuliko ule wimbo.

Kwenye kalenda ya jikoni, tarehe tisa Agosti ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Siku hiyo Miglė angepanda ndege kwenda kukaa na mama wiki tatu nzima kabla ya shule kufunguliwa. Kila asubuhi aliikodolea macho tarehe hiyo kana kwamba ingeweza kutoroka.

Katikati ya Julai mvua ilinyesha siku tatu, kisha jua likawaka. Mama akapiga simu.

"Uyoga umetoka huko?"

"Umetoka, mama. Watu wote wako msituni."

"Ah, mwanangu! Juzi nimeota nanusa uyoga unaokaushwa juu ya jiko. Nimeamka, nje ni harufu ya samaki tu." Mama alicheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani.

"Nitakuletea," Miglė alisema haraka. "Nitakuletea shada zima la uyoga uliokauka."

Mama akashusha sauti. "Sikiliza. Umeshakuwa mkubwa. Nitakwambia petu ni wapi."

Watu wa Girinė ni wakarimu. Jirani atakuazima farasi wake, atakuazima hata koti lake la harusi. Lakini muulize uyoga ameuokota wapi, atakujibu "msituni," na hapo mazungumzo yamekwisha. Kila ukoo una mahali pake, na mama humwambia binti yake siku anapomwona amekomaa. Mama wa Miglė naye aliambiwa na mama yake.

"Usimwambie mtu," mama alimaliza. "Hata bibi yako. Yeye ana pake, nasi tuna petu."

Jumapili, bibi alipokwenda kanisani, Miglė alibaki eti kupalilia vitunguu. Bibi alipopotea kwenye kona tu, alichukua kikapu na kukimbia. Alivuka kinamasi kwa magogo, akapita kwenye majani marefu yaliyomfikia kiunoni, mpaka akapaona. Uyoga mnene wenye kofia za kahawia ulikuwa umejaa chini ya miti. Alipiga magoti akakata mmoja mmoja kwa kisu. Alijua kwamba mama alipiga magoti papo hapo alipokuwa msichana, na kwa saa nzima hakuhisi kwamba mama yuko mbali. Akarudi nao nyumbani na kuutunga kwenye uzi darini kabla kengele ya kanisa haijalia.

Jioni, bibi alivuta kigoda. "Ukaguzi!"

Kusimama dirishani kulimtia hofu. Kupe akionekana, bibi atauliza alikuwa wapi.

"Leo sikuingia msituni, bibi. Nilikuwa kwenye vitunguu kutwa nzima."

Bibi alimtazama juu ya miwani. "Haya," alisema, akakirudisha kigoda.

Uongo huo ulipita kirahisi, akaurudia jioni mbili zilizofuata. Siku ya tatu, akioga, Miglė aligusa kitu nyuma ya goti la kushoto. Kilikuwa kupe, amevimba kama punje ya dengu. Vikongwe wa kijiji walikuwa na dawa yao: mpake siagi, akose hewa, halafu mzungushe. Miglė akaiba siagi kidogo, akapaka, akangoja, akazungusha kwa kucha. Kupe alikatika. Akamtupa jikoni motoni na kujiambia yamekwisha.

Hayakwisha. Wiki iliyofuata doa jekundu lilitokea pale pale. Halikuwasha wala halikuuma, ila lilitanuka kila siku, katikati likapauka, mpaka likawa duara kubwa kama mdomo wa kikombe. Miglė alijua maana yake. Shuleni walikuwa wamefundishwa juu ya ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe, na picha ya duara kama hilo ilibandikwa ukutani.

Akili yake ikaenda kwenye kalenda. Zilibaki siku kumi na mbili. Akisema, atapelekwa hospitali, atalazwa, na ndege itaondoka bila yeye. Mama atakwenda kusimama uwanjani akiangalia watoto wa wenzake. La, heri anyamaze. Akisha kufika kwa mama, ndipo atasema.

Akaanza kuvaa suruali ndefu, na joto lile!

"Wewe mtoto, unajiandaa kwa theluji?" bibi alimtania.

"Mbu, bibi."

"Mbu, eti." Lakini jioni Miglė alidai ameshajikagua mwenyewe, na bibi hakushikilia.

Kisha uchovu ukaja. Kichwa kikawa kizito, na goti likamuuma alipopanda ngazi ya darini kuutazama uyoga wake. Alijikaza. Usiku alilala na simu chini ya mto, picha ya mama ikiwa juu ya kioo.

Siku moja mwanafunzi mwenzake, Tadas, alimkuta ameketi ukingoni mwa mto na suruali yake huku wenzao wakirukia majini.

"Njoo uogelee, bibi kizee! Au umeota magamba?"

"Niache."

"Magamba kweli, tuone!" Tadas akavuta mguu wa suruali kwa utani. Duara likaonekana. Utani ukamkauka mdomoni.

"Miglė, hilo ni la kupe. Umemwambia nani?"

"Nani aambiwe? Na wewe ukisema, sikusemeshi tena maisha yangu yote."

Tadas aliketi kando yake. "Unakumbuka darasa la nne nilipokuwa na uso wa upande? Mlinicheka."

Miglė alikumbuka. Shavu moja la Tadas lilikuwa limelegea, na jicho lake halikufumbika.

"Ilikuwa kupe," Tadas alisema. "Niliona doa, nikanyamaza, niliogopa sindano. Baadaye sindano zilikuja nyingi, hospitalini, siku baada ya siku. Miezi miwili supu ilinimwagikia kidevuni na sikuweza hata kupiga mluzi. Wewe una nini cha maana kuliko uso wako?"

"Mama," alisema Miglė, na machozi yakamtoka. "Wiki ijayo nakwenda kwa mama."

"Sasa unataka umfikie na uso wa upande?"

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Miglė alitembea nyumbani polepole, goti likimuuma kila hatua, akijua kila hatua inamtoa kwenye ile ndege.

Bibi alikuwa akimenya viazi. Miglė alipandisha suruali, akageuka kumwonyesha nyuma ya goti. Alisikia kisu kikiwekwa mezani.

"Lini?" bibi aliuliza.

"Bibi, nilikudanganya. Nilikwenda msituni, lakini siwezi kusema ni..."

"Sikukuuliza wapi!" Bibi alimkatiza. "Wapi ni kwako na kwa mama yako. Unadhani pua yangu imezeeka? Uyoga wako ule darini naunusa wiki ya tatu sasa, nimekuuliza hata mara moja? Mimi nataka siku tu. Lini?"

Miglė aliangua kilio. Kumbe lango alilokuwa akililinda halikuwa na mtu wa kulivunja.

"Jumapili ile ya vitunguu."

Bibi alimvuta kifuani, mikono ikiwa bado na maganda ya viazi. Alikuwa amekasirika, na alikuwa akilia.

Asubuhi walikwenda zahanati ya mji mdogo wa jirani. Daktari Jolita, mwanamke kijana aliyetoka mji mkubwa wa Kaunas, alilitazama duara akatikisa kichwa.

"Hili halihitaji hata kipimo cha damu. Duara lenyewe linatosha. Ulikuwa sehemu gani ya msitu?"

Miglė alimtazama bibi. Bibi akakohoa.

"Daktari, huku kwetu watu hawaulizani hivyo."

Daktari alicheka. "Nisameheni, mimi ni mgeni. Na kupe ulimtoaje?"

"Kwa siagi," Miglė alinong'ona. "Nikamzungusha."

"Siagi ni ya mkate. Ukimpaka mafuta na kumfinyafinya, anaweza kukutapikia vijidudu vya ugonjwa mwilini. Chukua kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu, moja kwa moja. Osha. Halafu andika tarehe. Na umtoe siku hiyo hiyo, maana kadiri anavyokaa ndivyo hatari inavyokua. Ungekaguliwa jioni ile, huenda leo tusingekuwa hapa." Aliandika cheti cha dawa. "Vidonge asubuhi na jioni, siku kumi na nne. Usiruke hata kimoja, hata ukijisikia mzima."

Miglė alikipokea. "Nitalazwa? Tarehe tisa nina safari. Kwenda kwa mama."

"Vidonge havina haja ya kubaki Lithuania," alisema daktari. "Safiri navyo. Ila ungekuja mwezi ujao, na ugonjwa umeingia kwenye neva, ningekulaza bila kukuuliza."

Miglė alitoka nje akaketi kwenye ngazi za zahanati. Alichoogopa ni kusema, na kusema ndiko kulikomwokolea safari yake.

Tarehe tisa, katika uwanja wa ndege wa Oslo, huko Norwei, mlango wa kioo ulifunguka. Mama alikuwa mbele ya watu wote, mwembamba kuliko kwenye simu, nywele zake fupi. Miglė, akiwa na shada la uyoga begini, alikuwa amepanga maneno mengi. Badala yake alimrukia mama shingoni. Waliganda wakikumbatiana mpaka watu wakawa wanawazunguka na masanduku yao.

"Bibi yako amenieleza yote," mama alisema hatimaye, akimshika mashavu. "Nisikilize, Miglė. Nilikwambia ufiche mahali pa uyoga. Sikukwambia ufiche maumivu yako. Uyoga ukipotea, utaota mwingine. Ukiugua, sema siku ile ile, kwa bibi, kwa mwalimu, kwa yeyote aliye karibu. Mimi niko mbali, siwezi kuona nyuma ya goti lako. Macho yangu huko ni ulimi wako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Na sasa je? Unaumwa popote?"

"Hapana," Miglė alijibu mara moja, kwa kuwa hakutaka chochote kiiharibu dakika ile. Kisha akamtazama mama usoni.

"Kidogo," alisema. "Goti la kushoto, nikikaa muda mrefu."

Mama hakuuliza zaidi. Aliketi kwenye benchi katikati ya ule msongamano, akaupakata mguu wa binti yake na kuanza kulisugua goti taratibu. Mara akaanza kuimba, ovyo ovyo, ubeti mmoja tu, akiurudia. Miglė hakuziba masikio.