Mpiga Ngoma wa Nyumba ya Hübner

Nilikuwepo. Wengine watawaambia walisimuliwa. Mimi niliyaona kwa macho yangu, tena nikiwa karibu na jiko kuliko padri mwenyewe, ambaye alifika mlangoni akakumbuka ana ubatizo kijiji cha pili.

Ilianza na maji. Mchana kweupe, maji ya kikombe cha Rosina Hübner, mke wa mfumaji Gottlob, yalianza kurukaruka mezani: tap, tap, taratap. Hakuna aliyeigusa meza. Rosina akajua ni nani.

Mwaka ule mfalme wa Prussia na malkia wa Austria walikuwa wakiigombea Silesia yetu, na kila nyumba ilipangiwa askari wa kulisha. Akina Hübner walipewa mpiga ngoma. Kabla ya yale maji, homa ilikuwa imemuua palepale kwenye benchi kando ya jiko. Kwetu mtu akikata roho dirisha hufunguliwa mara moja, roho ipate njia. Rosina hakufungua. Theluji ilifika kiunoni, na binti yake Dorel, wa miaka minne, alikuwa anakohoa.

Baada ya maji ikaja harufu ya baruti na sufu iliyolowa. Kisha miguu ya Dorel ikaanza kutembea chini ya blanketi, kushoto kulia, kushoto kulia, mwenyewe amelala chali, na mama yake alipomvua soksi alikuta nyayo zimejaa malengelenge na tope jekundu ambalo kijijini kwetu halipo.

"Mama, tumebakiza maili mbili," Dorel akanong'ona.

"Kwenda wapi, mwanangu?"

"Kwenye mizinga."

Mkunga Barbel akaitwa. Akanusa chumba, akashika mlango.

"Mmemfungia askari ndani, naye kajitafutia mwenzake wa safari. Wakifika, mtoto harudi."

"Si tufungue dirisha sasa, bibi!" Gottlob alikuwa analia.

"Sasa umechelewa, mjinga wewe. Askari haachi safari bila karatasi ya kuachishwa jeshi. Jina lake nani?"

Mume na mke wakatazamana. Wiki sita wamemlisha supu ya kabichi, hawakumuuliza.

"Mimi namjua," nikasema. "Matthes Kroll. Tumekunywa naye."

Nikaiandika mimi, maana nilisoma kwa padri majira mawili ya baridi, na kwa kijiji kile huo ni uprofesa. Nikaanza kuisoma kwa sauti, Gottlob akafungua dirisha, baridi ikaingia, na ile ngoma isiyoonekana ikapiga kwa kasi mpaka vikombe vikadondoka rafuni, huku Rosina amemkumbatia mtoto, miguu ikimpiga mapajani, akilia nichukue mimi, nichukue mimi, huyu mdogo hawezi mwendo, hadi nilipofika penye "Matthes Kroll, umeachwa huru, nenda," na kitu chepesi, chepesi sana, kikapita shavuni mwangu kikatoka nje.

Ngoma ikakoma, miguu ikatulia. Rosina akanibusu mikono, na bia nikanywa bure mpaka Pasaka.

Sasa, lile jina. Nililitunga palepale, Mungu anisamehe, kwa sababu mama wa watu alikuwa ananitazama. Kwa hiyo aliyetoka dirishani simjui.

Dorel alipoamka alimtazama Rosina kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba. "Ahsante kwa malazi, mama," akasema kwa adabu, akauliza buti zake ziko wapi.