Herufi Kubwa, Chiriku

"Unalalamika nini tena kuhusu wifi?" dada yake aliuliza kutoka jikoni.

Fundi wa mitandao aliinua kichwa. "Sijasema kitu, dada."

"Nimesikia 'wifi' huko chumbani kwako. Tena mara mbili."

Yeye alikuwa sebuleni. Chumbani hakukuwa na mtu tangu mkewe azikwe. Huyo ndiye aliyekuwa akimwita dada yake wifi, na kwa maneno yake yasiyokwisha mumewe alimbandika jina la Chiriku. Sasa nyumba ilikuwa kimya hadi masikio yanauma, na kesho dada angerudi kwa watoto wake.

Simu yake ikatetemeka mfukoni. *Simu ya Chiriku inaomba kuingia. Kubali. Kataa.*

Mtandao wa nyumba aliufunga mwenyewe, kifundi hasa: kila siku neno la siri, halafu ruhusa yake. Akaenda kabatini. Simu ya marehemu ilikuwepo, ya baridi, betri yake kando. Chumba kilinukia mafuta yake ya nywele, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya udongo mbichi.

"Dada," alinong'ona akiingia jikoni, "ni yeye."

"Acha hayo. Neno la siri kalipata?"

"Kalipata mara ya kwanza."

Dada aliacha kuosha vyombo. "Wifi yangu? Mara ya kwanza?"

Wote wawili walijua. Chiriku kila siku alisahau ile herufi kubwa ya mwanzo, akagombana na simu, mpaka mumewe amkumbushe kwa kelele kutoka kwenye kochi. Aliyelipata bila kukosea hakuwa Chiriku.

"Kataa," dada alisema. "Jini haliingii bila kukaribishwa. Kataa, mdogo wangu."

Akakataa. Ilimuuma, kwa sababu hata uongo ule ulikuja na jina la mkewe.

Kisha kandambili zikaanza kuburuzwa koridoni, taratibu, kwa mwendo ule aliouzoea kila jioni, zikaja hadi nyuma ya mlango wa jikoni uliojifunga wenyewe, na harufu ya mafuta ikapenya chini yake, na simu ikatetemeka kumwambia kwamba neno la siri limekosewa, ikatetemeka tena, limekosewa, na nyuma ya mlango mtu akaguna kwa kero, mguno ule ule wa mwanamke anayegombana na simu yake, na yeye, aliyekaa miezi bila mtu wa kugombana naye, akacheka kabla hajajizuia, na mdomo ukasema ulivyozoea:

"Herufi kubwa, Chiriku!"

"Mungu wangu," dada alisema. "Umelifundisha kuwa Chiriku."

Safari hii neno la siri likapita. *Kubali. Kataa.*

Alijua si mkewe. Aliutazama mkoba wa dada yake, uliokwisha kufungwa kwa safari. Akabonyeza *Kubali*.

Mlango ukafunguka polepole.

"Wifi," sauti ilisema kwa furaha, "si ulisema unaondoka kesho?"