Bafle ya Papa Bénie

Katika mtaa wa Katoyi, mjini Goma, watu hawahitaji saa. Saa kumi na mbili asubuhi Zéphirin anawasha bafle, ile spika kubwa iliyosimama mbele ya kibanda chake, na mtaa mzima unajua kumekucha. Kibandani anachaji simu za watu na kuwawekea muziki kwenye kadi za simu kutoka kompyuta yake. Lakini yeye mwenyewe haimbi hata mstari mmoja. Alipokuwa kijana alijiunga na korali ya parokia. Wiki ya pili mkuu wa korali alimwomba kwa upole awe anabeba mabenchi. Tangu siku hiyo Zéphirin aliwaachia wengine kazi ya kuimba.

Zéphirin na mke wake, Émérance, wana binti mmoja, Bénie. Ana miaka minne. Walimpeleka kituo cha afya, masikio yakapimwa, yakakutwa mazima. Bénie anacheka, anakimbia, anaelewa kila anachoambiwa. Ila hasemi. Akitaka maji anavuta kikwembe alichojifunga mama yake. Akitaka ndizi ananyoosha kidole. Wenzake wa mtaani tayari wanatukanana vizuri kabisa. Jambo hilo lilimuumiza sana Émérance. Miaka minne alikuwa akingoja kuitwa mama.

Mwezi wa tisa wakamwandikisha Bénie maternelle, shule ya watoto wadogo. Baada ya wiki mbili Zéphirin alipita hapo, akasikia kelele, akachungulia. Watoto ishirini walikuwa wakiruka na kupiga vidumu vya njano. Bénie alikuwa katikati, akipiga cha kwake kana kwamba kimemkosea.

Zéphirin akamwita mwalimu, Élodie.

"Madame, mutoto nilimuleta asome. Hapa banacheza tu."

"Papa Bénie, hapa ndiyo tunasoma," Élodie akajibu. "Mutoto mudogo akiimba, anajifunza kusikiliza, kungoja zamu yake, kukumbuka maneno. Muziki inamusaidia kusema."

"Muziki inamusaidia kusema?"

"Sana."

"Juu ya nini hamukuniambia tangu mbele? Mimi niko na nyimbo quatre mille ndani ya mashini."

Élodie alitaka kueleza zaidi, lakini Zéphirin alikuwa ameshafika barabarani. Haraka haraka haina baraka, lakini nenda ukamwambie hivyo mtu mwenye bafle.

Kesho yake hakumpeleka Bénie shuleni. Alimkalisha kwenye kiti kidogo mbele ya bafle, akapandisha sauti. Alipiga hesabu kwamba nyimbo elfu nne zikiisha, binti yake atahutubia mkutano.

Siku ya kwanza Bénie aliziba masikio. Siku ya pili alijificha nyuma ya gunia la makaa. Siku ya tatu akaja jirani yao, Muzee Havugimana, na fimbo mkononi.

"Zéphirin, kuku zangu ine zimeacha kutaga," alisema. "Unafundisha nani kusema, mutoto ama kuku?"

Émérance hakucheka.

"Papa Bénie, angalia mutoto," alisema. "Mbele alikuwa anacheka. Sasa hata kidole hanyooshi tena."

Zéphirin akaangalia. Bénie alikuwa amekaa, macho chini, mikono mapajani. Baba akaogopa. Akazima bafle. Mtaa ukawa kimya hivi kwamba watu walitoka nje kuuliza nani amekufa.

Siku hiyo hiyo wote watatu wakaenda shuleni. Élodie alimpa Bénie kidumu chake, kisha akakaa na wazazi.

"Mutoto hapana simu, Papa Bénie," alisema. "Hatumuwekei nyimbo kama kwenye kadi. Sauti kubwa inaumiza masikio yake. Tena bafle haimungoji. Anayemungoja ni mutu."

"Sasa tufanye nini?"

"Mukae chini, aone midomo yenu. Muimbe wimbo moja mufupi, pole pole, kila siku. Mukisema kichwa, muguse kichwa. Halafu muache nafasi, mungoje. Akijibu kwa makofi, ni jibu. Musimulazimishe. Na kama tunafika Noeli bila neno, tutarudi naye kituo cha afya."

"Nani ataimba?"

"Wewe na mama yake."

Émérance akaangalia pembeni ili asicheke.

"Madame, mimi balinitoa kwa korali," Zéphirin akasema.

"Bénie hakuwa pale."

Bénie akarudi shuleni. Nyumbani, kila asubuhi wakati wa kunawa, Zéphirin alichuchumaa mbele ya beseni akaimba:

"Kichwa iko wapi? Iko huku. Mikono iko wapi? Iko huku."

Sauti yake ilipanda palipopaswa kushuka, na iliposhuka haikurudi. Siku ya tano Muzee Havugimana alikuja kuomba bafle irudishwe. Zéphirin alitaka kuacha kwa aibu. Lakini asubuhi hiyo, alipoacha nafasi, Bénie alipiga makofi mawili mahali pa "iko huku". Zéphirin akaendelea. Baada ya wiki mbili Bénie alijigusa kichwa kabla baba hajataja kichwa. Baada ya mwezi akasema "huku", polepole, kama analionja. Maneno mengine ya wimbo yakafuata moja moja, lakini "mama" bado. Émérance aliimba naye mpaka maji ya kunawa yakapoa.

Bafle ilirudi kazini kwa sauti ndogo, ikielekezwa barabarani, na kuku wakaanza kutaga tena.

Wiki moja kabla ya Noeli, Zéphirin alichuchumaa kama kawaida. "Kichwa iko wapi?" akaimba, sauti ikipanda kusikojulikana. Bénie akamwekea mkono mdomoni.

"Hapana vile, Papa," alisema. "Ni hivi."

Akauimba wimbo mwenyewe, tangu kichwa hadi mikono, bila kuukosea. Kisha akageuka.

"Mama, imba."

Émérance alilia, na huku akilia aliimba. Zéphirin alitaka kuingia nao, lakini binti yake akamtikisia kidole. Basi akaenda ndani kuleta benchi, ili mama na mtoto wakae vizuri. Ilikuwa mara yake ya pili kutolewa kwenye korali, na safari hii alibeba benchi akicheka.